Kicheko cha Bi Salha

Kosa langu la kwanza kubwa katika kazi ya kurekodi lilikuwa kukata kicheko cha mwanamke mmoja na kukitupa. Haikuwa bahati mbaya. Nilikikata kwa makusudi, kwa uangalifu mkubwa, hedifoni zikinibana masikio, kisha nikajipongeza kwa soda nzima.

Nawaandikia nyinyi mnaojifunza kazi hii katika chumba cha nyuma ya ukumbi kule Tononoka, Mombasa, mlioniomba niwaeleze mambo ya "enzi zenu, Mzee Joel". Enzi zangu! Nina miaka thelathini na tatu. Ila ni kweli nimestaafu kurekodi, kwa sababu ya mgongo na wasiwasi. Mgongo ndio ninaowaambia watu.

Mimi ni mtu wa kurudi nyumbani kuangalia kama nimefunga mlango, halafu kurudi tena kuangalia kama niliporudi sikuufungua. Mtu wa namna hii akipewa kompyuta inayoweza kufuta kila mkwaruzo katika sauti, msimwache peke yake.

Kazi nilijifunza mwenyewe. Nasema hivyo kila mara, na kila mara Katana, fundi wa amplifaya mwenye kibanda karibu na uwanja wa Tononoka, hunisikiliza mpaka mwisho, halafu huuliza, "Na yule aliyekukataza kushika ule waya ukiwa na mikono ya maji alikuwa nani? Malaika?" Basi, nilijifunza mwenyewe, na Katana akanizuia nisife.

Studio yangu ya kwanza ilikuwa stoo ya mama yangu. Nilikuwa nimesikia kwamba trei za mayai ukizibandika ukutani hunyamazisha chumba. Nikakusanya trei kwa wauza chipsi wa mtaa mzima, nikabandika kuta zote na dari. Chumba hakikunyamaza. Mende ndio waliofurahi, maana trei zile hazikuwa zimeoshwa. Baba yangu, karani wa reli aliyekuja kutoka bara akiwa kijana na aliyetaka sana nipate kazi ya ofisini bandarini, alifungua mlango, akatazama, akaufunga. Nilipozibandua, zilishuka na plasta.

Jambo jingine ni friji. Ukirekodi nyumbani kwa mtu, zima friji, maana inavuma na wewe huisikii mpaka umefika kwako. Na ukiizima, tia ufunguo wako wa nyumba ndani yake. Hutaweza kuingia kwako bila kukumbuka kuiwasha. Haya hayakutoka kitabuni. Yalitoka kwa samaki wa shangazi yangu, kilo kadhaa za nguru, waliokaa siku mbili katika joto la Ganjoni. Shangazi bado ananisalimu, lakini kwa ufupi.

Sasa nirudi kwa Bi Salha.

Siku hiyo mimi na Katana tulikuwa tunafunga spika za harusi katika kichochoro kimoja cha Mji wa Kale. Jua lilikuwa bado kali, watu wamejipumzisha ndani. Nilikuwa najaribu maikrofoni, nimeiongeza nguvu kuliko ilivyohitajika kama kawaida yangu, mara nikasikia masikioni mwangu gitaa na sauti ya mwanamke. Nikadhani ni redio. Nikavua hedifoni. Nikainua macho. Dirisha la ghorofa ya juu lilikuwa wazi.

*Nimemimina viwili, hakuna aliyekuja,
kimoja nimeshakinywa, cha pili kinaningoja.*

Chini ya dirisha hilo, mlangoni, palikuwa na mama anayekaanga viazi karai. Nikamuuliza ni nani anayeimba.

"Bi Salha huyo," akasema Mama Rehema, maana ndilo jina lake. "Na usimwite. Ukimwita atafunga dirisha, na mimi ndiye nitakayekaa hapa jioni yote bila wimbo."

"Huimba wapi?"

"Si hapo! Wataka aimbe wapi, juu ya minara?"

Haimbi harusini, akaniambia, wala mbele ya watu. Hashuki ngazi ila kwa dharura. Hapokei wageni. Nyimbo ni zake mwenyewe.

Sauti yake haikuwa ya kushindania zawadi. Ilikuwa nzito, ina mchanga kidogo, na kila mstari uliisha kabla ya pumzi kuisha, kama mtu anayeshuka ngazi asiyeiamini ile ya mwisho. Gitaa lilikuwa na nyuzi tano. Wa sita ulikuwa umekatika zamani, na hakuona sababu ya kusumbua watu.

Mtaniuliza kwa nini nilishikwa. Nimelifikiria sana hilo. Sisi wenye wasiwasi hatupendi kuambiwa kwamba mambo yatakuwa mazuri. Tunashuku. Wimbo wa furaha hunifanya nijiulize nimesahau nini. Lakini Bi Salha aliimba kana kwamba lile jambo baya limeshafika, limekaribishwa, limeketi, limepewa maji ya kunywa, na sasa hakuna haraka tena. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi mabega yangu yalishuka. Katana alinipigia kelele kutoka ng'ambo ya pili kwamba nimekanyaga waya.

Kumpata kulichukua wiki nyingi na viazi vingi. Nilikuwa nikija baada ya Alasiri, nikijifanya nimekuja kula. Mama Rehema akiinua uso huita, "Bi Salha! Yule kijana wa maikrofoni ataka kukurekodi!"

Sauti kutoka juu hujibu, "Mwambie nimesikia. Mwambie hapana."

Siku moja sauti ile iliuliza, "Bado yuko?"

"Yuko. Ala viazi."

"Atapasuka huyo. Mwambie apande. Asiseme kitu."

Nikapanda. Masharti yalikuwa haya: nije Alhamisi, kati ya sala ya Alasiri na Magharibi, nikae kwenye ngazi nje ya mlango, na nisiseme. Maikrofoni angeiweka yeye mwenyewe ndani, pale ninapomwelekeza kwa kidole. Mlango ulikuwa nusu wazi. Nilichoona kwa wiki zote hizo ni mkono wenye bangili moja na upindo wa dera.

Hilo la muda lilikuwa baraka. Kabla ya Alasiri wanafunzi hupita wakipiga mayowe, na jua likielekea kuzama kunguru hugombania mahali pa kulala. Katikati hapo kuna kipande cha utulivu. Kila mtaa una kipande chake. Kitafuteni kabla ya kununua vifaa vya bei.

Tukapata nyimbo nne. Na kila wimbo ulipoisha, kabla uzi wa mwisho haujanyamaza, Bi Salha alicheka. Kicheko kifupi, kizito, cha mtu aliyetoka nje akagundua amevaa kiatu kimoja cha kulia na kingine cha kulia. Mimi pale ngazini nilikuwa nikiuma meno. Najisikia machozi yanakuja, mwili umesisimka, halafu: kicheko! Niliona kama mtu amepiga chafya katikati ya dua.

Nyumbani nikakikata. Vyote vinne. Nikafanya wimbo ufe polepole, uyeyuke kwenye kimya, jinsi nilivyoamini wimbo wa huzuni unavyostahili kufa. Halafu, kwa sababu sipendi uchafu kwenye kompyuta, nikafuta na rekodi za mwanzo. Hilo la mwisho lishikeni: msifute ya mwanzo. Nafasi ya kuhifadhi ikiisha, uzeni kitanda kwanza.

Nilimpelekea Katana asikilize. Alikuwa anachomelea waya. Wimbo ulipokwisha, kifaa chake cha moto kilikuwa kimetoboa meza.

"Huyu mama amefiwa na nani?" akauliza, anajipangusa macho kwa kanga ya kufutia vumbi.

"Sijui."

"Wiki zote hizo umekaa mlangoni kwake, hukuuliza?"

"Aliniambia nisiseme."

Basi kwa kuwa sikujua, nikatunga. Niliziweka nyimbo mtandaoni kwa ruhusa yake, maana hilo alikubali mradi uso wake usionekane, nikatia picha ya dirisha lililofungwa. Chini yake nikaandika maneno ambayo mpaka leo yakinijia bafuni nafungua maji kwa nguvu: "Sauti ya mama wa Mji wa Kale aliyejifungia na huzuni yake."

Watu walilia. Walilia Nairobi, walilia ng'ambo, walilia Kizingo ndani ya magari yao yenye kiyoyozi. Mwanamke mmoja aliandika kwamba aliegesha gari kando ya barabara mpaka wimbo uishe. Niliyasoma yote, nikayarudia, na usingizi ukanipata vizuri kwa mara ya kwanza baada ya miaka.

Nilichosahau ni kwamba naishi Mombasa. Mahali pengine mtu akisikia mwenziwe ana huzuni, humwonea huruma huko aliko. Hapa kwetu, ukisikia jirani ana msiba na usipokwenda kumpa pole, utasemwa mpaka wajukuu. Picha ilikuwa ya dirisha tu, lakini nani asiyelijua dirisha lile? Siku chache baadaye Mama Rehema akanipigia simu.

"Joel mwanangu, njoo utazame ulichotuletea."

"Nimeleta nini, mama?"

"Matanga. Umetuletea matanga bila maiti."

Nilipofika, ngazi zilikuwa zimejaa viatu. Wanawake walikuwa wakipanda na masinia yaliyofunikwa kawa, wakishuka na masinia ya jana. Palikuwa na shekhe mmoja, mtu mpole sana, aliyeletwa na dada zake mwenyewe aje kumsomea Bi Salha dua. Palikuwa na mstaafu wa Kizingo, mjane, aliyevaa koti na kuja na chupa ya marashi, akingoja zamu yake, ana nia kabisa ya kuoa. Vijana walikuwa chini wakilipiga picha dirisha. Wao hawakusumbuka sana kulitambua, maana safari hii lilikuwa limefungwa kweli, kama pichani.

"Hajagusa gitaa tangu waanze kuja," Mama Rehema akaniambia. Hakuwa akitania tena. "Mimi nimekaa chini ya sauti ile tangu nilipoolewa katika nyumba hii. Kama umeizima, Joel, sijui nitakwambia nini."

Nikapanda. Njiani nilikuwa nimetayarisha maombi ya radhi yenye sehemu tatu. Mlango ulikuwa wazi wote, kwa mara ya kwanza, nikamwona: mwanamke mfupi, miwani imefungwa kwa uzi, mguu mmoja juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. Masinia yalikuwa yamemzunguka.

"Masalkheri, Bi."

"Keti."

"Nimesimama tu, Bi."

"Keti! Waliosimama wananitosha." Nikaketi. Akaniangalia. "Kicheko changu umekipeleka wapi?"

Sehemu zangu tatu zikapotea. "Nimekifuta, Bi."

"Kwani kilikuwa kichafu?"

"Hapana. Kilikuwa... kinaharibu huzuni."

"Huzuni ya nani?"

"Yako, Bi."

"Nani alikwambia nina huzuni?"

"Nyimbo."

"Nyimbo zina huzuni. Mimi nina goti." Akaligonga kwa vidole. "Sishuki ngazi kwa sababu ya goti. Na wageni sipokei kwa sababu maisha yangu yote nilikuwa opereta wa simu. Kutwa nzima nasema halo. Halo zangu nimezimaliza, kijana. Nilizobakisha nimezitia kwenye gitaa, na sasa wewe wanitaka nimpe halo kila mwenye sinia."

Nikamuuliza, kwa sauti ndogo, kama wimbo wa vikombe haukuwa kweli.

"Mbona ni kweli? Dada yangu tulikaa pamoja humu. Alipofariki, siku moja nikamimina kahawa vikombe viwili kwa mazoea. Nikakitazama cha pili, nikalia. Nikalia sana. Halafu nikajiona. Mtu mzima na miwani yake, akililia kikombe, na kahawa yapoa! Nikacheka. Yote mawili yalitokea, tena hapo ulipokaa. Wewe umechukua nusu ukawapa watu. Na wao, maskini, waniletea nusu hiyohiyo hapa, kila mtu na sinia lake. Nitaimbaje, na huku chini watu wananililia na mimi ni mzima?"

Nikasema nitaziondoa nyimbo zote leo hii.

"Ukiziondoa watasema nimekufa. Wataleta sanda."

"Basi nitarudisha kicheko."

"Si umekifuta?"

Mama Rehema, aliyekuwa amepanda nyuma yangu, akasema acheke upya tu, kwani kicheko ni kitu gani.

Alhamisi iliyofuata nikaja na vifaa. Niliruhusiwa kuingia ndani. Nikazima friji, nikatia ufunguo. Nikaweka maikrofoni pembeni kidogo ya mdomo, msiiweke mbele kabisa, pumzi huipiga kama kofi. Nikampa ishara. Bi Salha akakaa wima kama anayekula kiapo.

"Ha. Ha. Ha," akasema.

"Hicho ni kikohozi," akasema Mama Rehema.

Tukarudia. Kilichotoka safari hii kilikuwa kama mlango usiotiwa mafuta. Tukarudia tena. Jasho lilikuwa linanitoka, adhana ya Magharibi inakaribia, na katika kichwa changu nilikuwa nakisikia kile cha kwanza, kila pindo lake. Nikavua hedifoni upande mmoja, nikasema kwa heshima yangu yote, maneno ambayo sasa mji mzima unayajua:

"Bi, tafadhali. Kama kile cha mwanzo, lakini chini kidogo. Na kianze polepole, halafu kisipande sana."

Bi Salha akamtazama Mama Rehema. Mama Rehema akamtazama Bi Salha.

Sijawahi kusikia watu wazima wakicheka vile. Bi Salha aliinama mpaka miwani ikaning'inia kwenye uzi. Akajaribu kusema "chini kidogo", akashindwa, akapiga goti lake bovu kwa kiganja, akapiga kelele kwa maumivu, akazidi kucheka. Mama Rehema alikuwa ameketi sakafuni. Na mimi? Mimi nilikuwa nimekaza uso, naangalia taa ya kipimo cha sauti isifike nyekundu. Ilifika nyekundu, ikakaa hukohuko. Kwa viwango vyote vya kazi hii, rekodi ile imeharibika.

Usiku ule nilitaka kuisafisha. Niseme ukweli, nilitaka angalau kuondoa sauti yangu, ile ya mtoto wa shule anayeomba ruhusa ya kwenda choo. Katana alikuwa kasimama nyuma ya kiti.

"Ukigusa kitu, nakuvunja vidole."

Nikaiunganisha vilevile mwisho wa wimbo wa nne, pamoja na sauti yangu, pamoja na goti. Maneno ya chini ya picha alinisomea Bi Salha mwenyewe kwa simu, neno kwa neno: "Mwenye nyimbo hizi ni mzima. Ana goti. Hapokei wageni."

Baadhi ya watu walikasirika. Mmoja aliandika kwamba nimemharibia machozi yake, nami nilimwelewa kuliko alivyodhani. Wengine walisema sasa wanalia zaidi. Masinia yalipungua, viatu vikatoka ngazini. Wa mwisho kukata tamaa alikuwa yule bwana wa Kizingo, aliyetaka kwanza kujua ni goti la upande gani, kwa kuwa yeye ana mafuta yake. Mimi malipo yangu niliyapata barabarani. Mpaka leo kuna madereva wa tuktuk wa Ganjoni wakiniona huegemea nje na kuita, "Bi, tafadhali! Chini kidogo!"

Lakini dirisha halikufunguka mara moja. Wiki zilipita. Nilikuwa nimeshaanza kuzoea kwamba nimeizima sauti ile, na nikaacha kupokea kazi za kurekodi, maana kila nikigusa kitufe cha kukata mkono ulikuwa unasita. Halafu Alhamisi moja, nimebeba spika begani, simu ikalia. Ilikuwa ya Mama Rehema, lakini hakusema kitu. Nikasikia mafuta ya viazi yakichemka, na nyuma yake gitaa la nyuzi tano. Nikaishusha spika, nikasikiliza mpaka mwisho, mpaka kwenye kicheko. Ndipo Mama Rehema akakata simu.

Sikumwomba tena nimrekodi. Nyimbo zilizoko ni zile nne, tatu kati yazo zina kimya mwishoni mahali ambapo palikuwa na kitu, na mkizisikiliza mtapajua. Sasa natengeneza spika na Katana, na Jumamosi nawafundisha nyinyi kukunja waya bila kuuvunja moyo. Mkinisikia nikiwapigia kelele msizime mashine wimbo ukiisha, mwacheni mtu apumue, akohoe, aseme neno, sababu ndiyo hiyo.

Na Alhamisi baada ya Alasiri mimi hukaa kwenye ngazi zile, bila maikrofoni. Mlango huwa nusu wazi. Mkono wenye bangili hunitolea kahawa, nakunywa, hatusemi kitu. Siku ya kwanza nilipopokea kikombe kile, Bi Salha alisema kutoka ndani, "Umeniharibia wimbo, wewe."

Kile cha dada yake hajakiacha. Siku hizi humimina vitatu.